Gari 17 Limesimama Kula

Risasi ya kwanza ilisambaratisha kioo cha pembeni.

Ya pili ikapita juu ya kichwa cha Nyuki na kutoboa paa la Scania. Tii! Kama msumari kwenye kopo.

Nyuki hakupiga kelele. Alikanyaga mafuta.

Mita hamsini mbele yake, lori jeupe lenye namba 31 mgongoni lilikuwa linashuka mteremko kama limelogwa. Limebeba mapipa arobaini ya bluu. Kila pipa limeandikwa DAWA YA MAJI.

Uongo mtupu.

Ilikuwa sumu. Pipa moja tu likimwagwa bwawani, mji mzima unakunywa, na mji mzima hauamki.

Na bwawa lilikuwa kilomita tisa tu mbele.

Nyuki hakuwa dereva. Alikuwa jasusi. Wiki tatu alikuwa amejifanya dereva wa kampuni ile ya malori, na kampuni nzima ni mtu mmoja tu aliyejua.

Shangazi.

Madereva wote walimwita hivyo, lakini kwa Nyuki alikuwa shangazi wa kweli, dada wa baba yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Kazi yake ilikuwa kukaa ofisini mbele ya kompyuta na kuongoza malori thelathini na nane kwa ujumbe. Kila lori lina skrini kwenye dashibodi. Gari likiwa linatembea, dereva hawezi kuandika. Anabaki na vitufe sita tu. Moja: Sawa. Mbili: Nimechelewa. Tatu: Nimesimama kula. Vingine huwa havikumbukwi na mtu. Maswali ya kawaida ya ofisi yanaonekana, lakini ofisi ikiandika maneno yake yenyewe, haruhusiwi kusoma mpaka asimame. Kinawaka kitaa chekundu, basi.

Asubuhi ile yalitoka malori matano yenye mapipa ya bluu. Moja lina sumu.

Lipi?

Saa nne kasoro robo, simu ya Nyuki ikaita.

"Wewe mtoto, umekula?"

"Shangazi, niko kazini."

"Na mimi niko wapi, harusini? Nimekuwekea kikopo cha mkate na mayai chini ya kiti. Haya, sikiliza. Nimewauliza wote kama wamevuka mizani. Wanne wamebonyeza moja. Thelathini na moja ameegesha pembeni, akaandika."

"Ameandika nini?"

"'Ndiyo, nimevuka mizani salama, asante.'"

Nyuki kidogo acheke. "Asante?"

"Asante, mwanangu! Na nukta mwishoni! Miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki, sijawahi kuandikiwa asante na dereva. Hata yule niliyemtafutia mke."

"Lile gari si la Kofia?"

"Ndiyo la Kofia."

Kofia alikuwa dereva mzee ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona kichwa wazi. Na alikuwa hajui kuandika zaidi ya jina lake.

"Basi lizime kutoka hapo kwenye kompyuta."

"Nikizima, spika inatangaza ofisi nzima. Nikikosea gari, hawa watu wanashtuka, na lenye sumu linapotea. Kamwangalie kwanza. Kama si Kofia, nibonyezee tatu. Nitazima."

"Yule msimamizi mpya yuko hapo?"

"Yuko mlangoni. Ananukia kama duka la manukato."

"Ana bastola, shangazi."

"Najua. Niliiona jana alipoinama kuokota kalamu." Sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Wewe bonyeza tatu. Mengine niachie."

Kisha ikasikika sauti ya mwanamume, laini. "Shangazi, simu hapa mezani."

Simu ikakatika.

Nyuki alikimbiza Scania kama mtu aliyeibiwa. Akalifikia 31, akalisogelea ubavu kwa ubavu, akachungulia.

Upara. Barakoa ya gesi inaning'inia shingoni.

Si Kofia.

Hapo ndipo risasi zilipoanza.

Sasa barabara ilikuwa imeingia korongoni, na mtandao wa simu ulikuwa umekufa. Nyuki akavuta Thuraya, simu ya setilaiti, kutoka chini ya dashibodi.

"Mkuu, ni thelathini na moja. Kikosi kiko wapi?"

"Dakika arobaini."

"Bwawa ni dakika sita."

"Mgonge!"

"Mto uko chini yangu hapa, unaingia bwawani. Mapipa yakipasuka, tumewasaidia kazi."

Nyuki akakata kona.

"Ofisini mnafika lini, Mkuu?"

"Kumi na tano."

"Shangazi yangu anaweza kulizima lori. Lakini spika ikitangaza tu, yule mtu..."

"Nyuki." Mkuu alishusha pumzi. "Mji una watu laki nane."

"Najua kuhesabu, Mkuu."

Akatupa simu kitini. Akachomoa Glock, akatoa mkono dirishani.

Pa! Pa! Pa!

Tairi moja likapasuka. La pili likafuata. Lakini lile lori lina matairi kumi na nane. Lilichechemea kidogo, kama mtu aliyejikwaa, likaendelea.

Kilomita tano.

Skrini, ambayo haitegemei mtandao wa simu, ikalia.

GARI 17: UKO WAPI?

Huyo hakuwa Shangazi. Shangazi hamuulizi dereva yuko wapi. Anaangalia nukta kwenye ramani na kuanza kugomba.

Kidole cha Nyuki kikasimama juu ya kitufe cha tatu.

Akipeleka tatu, Shangazi atazima. Hatasita. Nyuki alimjua. Ni mwanamke yule yule aliyeingia kwenye nyumba inayoungua kumtoa mtoto wa kaka yake, halafu akarudi ndani kuchukua sare zake za shule.

Kilomita nne. Maji ya bwawa yakaanza kumetameta mbele.

Nyuki akabonyeza.

NIMESIMAMA KULA.

Kule ofisini, msimamizi alisoma juu ya bega la Shangazi, akaridhika. Kosa la mgeni wa kazi. Kila mtu wa ofisi ya malori anajua kwamba dereva hadanganyi mahali pengine popote kama kwenye tatu, kwa hiyo huangalii maneno, unaangalia nukta. Na nukta ya gari 17 ilikuwa inakwenda kilomita tisini na tano kwa saa, imeliganda gari 31 mkiani.

Shangazi aliangalia nukta.

Kwenye dashibodi ya Nyuki kikawaka kitaa chekundu. Ujumbe mmoja unasubiri.

Sekunde tano. Kumi.

Moshi wa lori la mbele ukakatika.

Likanyamaza. Likapunguza. Likasimama mita mia tatu kabla ya geti la bwawa.

Yule mwenye upara akaruka chini na bastola mkononi. Nyuki alikuwa ameshashuka. Risasi moja, goti la kulia. Bastola ikaenda huko, mwenyewe akaenda huko.

Pingu kwenye bampa la lori. Kli-klak.

"Kofia yuko wapi?"

Jamaa akacheka na damu kwenye meno. "Katafute korongoni."

Baada ya dakika kumi, Thuraya ikaita.

"Tumemshika msimamizi," Mkuu alisema. "Mlinzi alimfungia geti."

"Shangazi?"

"Nyuki, sikiliza..."

"Mkuu, nimeuliza."

"Tangazo lilipotoka tu, alifyatua. Tumemkuta shangazi yako bado ameshika mausi ya kompyuta."

"Sawa."

"Nyuki, mji umepona. Kesho watu watafungua bomba na hawatajua kitu."

"Ndiyo. Hawatajua kitu."

Akakata.

Akapanda kwenye Scania. Gari lilikuwa limesimama sasa, kwa hiyo skrini ilikuwa imefunguka. Akagusa kitaa chekundu.

Herufi kubwa zote, kama kawaida yake.

SAFARI HII KULA KWELI.

Nyuki aliangalia maneno yale mpaka skrini ikataka kuzima yenyewe. Angeweza kuandika chochote sasa. Vitufe vyote vilikuwa wazi, na alikuwa na mengi ya miaka ishirini na mbili.

Akabonyeza moja.

SAWA.

Chini yake yakatokea maandishi madogo ya kijivu: Haujasomwa.

Akasubiri kidogo. Hayakubadilika.

Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kile kikopo cha plastiki. Akachomeka Glock kiunoni, akafunga mlango taratibu, akaanza kupandisha barabara kwa mguu kurudi korongoni kumtafuta Kofia, bila kugeuka nyuma.

Kwenye kona ya kwanza akafungua kikopo, akauma mkate, akaendelea kutembea.