Kicheko Kwenye Tawi Jipya

Mlango wa darasa la kompyuta dukani haukuvunjwa. Kompyuta mpya zilijaa rafu nzima, nyingine bado ndani ya maboksi, na hakuna iliyoguswa. Iliyoibwa ilikuwa moja tu: kompyuta mpakato kuukuu ya mwalimu.

"Mwizi gani huyu anaacha mpya anachukua chakavu?" aliuliza Inspekta, akiinamia kitasa.

Meneja wa duka, kijana aliyekaza tai kama anajinyonga, alitazama saa. Tawi lake lilikuwa jipya, na siku hiyo wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja kulizindua, pamoja na mafunzo ya kompyuta ambayo wateja wa kwanza walishayalipia na kuyaanza.

Inspekta alimgeukia mwalimu. "Ndani yake kulikuwa na nini?"

"Masomo yangu, afande. Na video ya uzinduzi."

"Video gani?"

Mwalimu alitazama sakafu. "Kuna bibi mmoja anasoma hapa. Nilimwambia apeleke kipanya juu ya skrini. Akakinyanyua, akakibandika kwenye kioo. Tukaangua kicheko, darasa zima. Nilikuwa narekodi somo; wakubwa walipoiona video kwenye kompyuta yangu wakataka ionyeshwe leo, watu waone tunaanza na asiyejua kitu kabisa."

"Nakala nyingine?"

"Hakuna."

"Ufunguo wa hapa anao nani?"

"Mimi na meneja."

Inspekta alimtazama meneja. "Huyo bibi unamfahamu?"

"Simfahamu."

Alama za vidole hazikusaidia. Wote wawili walishika kitasa kile kila siku. Inspekta akamfuata bibi nyumbani, akamkuta anakunja nguo. Alipomweleza kilichopotea, bibi aliweka kanga kando.

"Nimeichukua mimi, mwanangu. Nifunge."

"Uliingiaje?"

"Nilipita tu."

"Wapi, mama?"

Akarudia kukunja nguo. Ukutani ilining'inia picha ya kijana mwenye joho la mahafali. Inspekta aliitambua sura ile.

"Kwa nini hukumwomba mwanao akufundishe?"

"Hana nafasi. Nikajiandikisha kimyakimya, nijue kumwandikia ujumbe mwenyewe, nisiwe nasumbua majirani. Siku ile ya kipanya alisimama mlangoni na wenzake. Nikamwona anacheka." Alivuta shati moja, akalinyoosha kwa kiganja. "Nikainamisha kichwa haraka, wasije wakaona tunavyofanana."

Kituoni, meneja alikana mara moja tu. Aliposikia maneno ya mama yake, mabega yakamshuka.

"Iko kwenye buti la gari langu," alisema.

"Ungewaambia wakubwa ni mama yako. Wangeifuta."

"Ningewaambiaje, afande, na nilishacheka? Nilicheka kuwapita wote. Akaniangalia, nikaendelea kucheka."

"Kwa hiyo uliiba ili umsitiri."

Meneja alitikisa kichwa. "Natamani ingekuwa hivyo. Niliogopa leo wangemwita mbele, halafu mtu aulize ni mama wa nani."

Inspekta aliacha kuandika.

Sauti ya bibi ilisikika mapokezi, ikimuulizia meneja. Konstebo alimkaribisha vizuri.

"Wewe ni nani wake, mama?"



"Mteja wake," alisema bibi. "Amenihudumia vizuri sana."

Inspekta aliinuka, akaufungua mlango wa chumba cha mahojiano, akasubiri pembeni. Meneja alibaki kitini, uso ameufunika kwa viganja.