Mkanda Uliokatika Katikati ya Ziwa

Injini ilizimika saa nne asubuhi, katikati ya ziwa, kilomita ishirini na mbili kutoka ufukwe waliouacha na kumi na nane kutoka ule waliokuwa wakiuendea. Haikukohoa wala haikutoa onyo. Kulisikika mlio mmoja mkavu chini ya boneti, usukani ukawa mzito mikononi mwa Wilfred Sewap, na gari likateleza juu ya barabara ya barafu, ile inayopita juu ya ziwa likishaganda, mpaka likasimama lenyewe. Nje tufani ya theluji ilikuwa imeanza.

Wilfred alijaribu starta. Ikazunguka haraka na kirahisi, bila ule ukinzani wa injini inayotaka kuwaka, na hapo moyo ukamshuka. Mkanda wa taimingi, ule mpira wenye meno unaoziendesha valvu, ulikuwa umekatika. Fundi angeweza kuuweka mwingine kwa nusu siku, gereji. Ziwani hakukuwa na la kufanya. Simu nayo, huko, ni kioo tu cha kujitazamia.

Kiti cha nyuma alikaa Philomene Linklater, mama mzaa mke, mwanamke wa miaka sitini na tisa aliyekulia kwenye kazi ya kutega wanyama wa manyoya. Aliusikia mlio ule na akauelewa, lakini hakumsemesha Wilfred. Si kwa kununa. Kwa Wakrii wa zamani, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawasemezani wala hawatazamani usoni, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Vijana wengi wameshaiacha, Philomene hakuiacha. Kwa miaka kumi na minne kila neno kati yao lilipitia kwa Darlene, mke wa Wilfred, na Darlene alikuwa hospitali mjini La Ronge, ng'ambo ya ziwa, uchungu umemwanza tangu alfajiri. Ndiyo maana walikuwa safarini.

Basi wakabaki wawili wasiosemezana, ndani ya gari linalopoa, kwenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri.

Philomene alikitazama kiti cha mbele kilichokuwa kitupu. "Darlene," alisema, "mwambie mumeo tangu vuli nasema mkanda ubadilishwe."

Wilfred naye akakigeukia kiti hicho hicho. "Darlene, mwambie mama kitabu cha gari kinasema kilomita laki moja na elfu sitini. Hili lina laki moja na elfu kumi na nne."

"Mwambie aliyeandika kitabu hicho hajawahi kukaa Januari na sisi."

Bibi alisema kweli tupu. Huku kwetu gari halizimwi wakati wa baridi. Unaliacha likiunguruma nje ya duka, nje ya kanisa, nje ya ukumbi wa bingo saa tatu nzima, maana ukilizima huenda lisiwake tena mpaka majira yabadilike. Kilomita hazisogei hata moja, lakini mkanda unazunguka muda wote huo. Tena gari lilikuwa na miaka kumi na miwili na mkanda ni ule ule wa kiwandani, na mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Fundi yeyote angemwambia ahesabu miaka na saa, asitazame kilomita peke yake. Wilfred alikuwa mtu mwema, ila mbishi wa namba, na ubishi huo ndio uliomponza.

Walifanya yanayofanywa. Wilfred aliwasha mshumaa ndani ya kopo la kahawa na kuacha upenyo mdogo dirishani wasije wakafa kwa hewa mbaya. Philomene aling'oa mikeka ya sakafuni akaziba nayo vioo. Waligawana samaki wa moshi na vifuniko viwili vya chai kutoka kwenye chupa ya moto, na utando wa barafu ukaanza kupanda ndani ya milango.

Kufikia saa sita mshumaa ulikuwa umebaki kipande cha kidole, na Wilfred hakuweza kutulia tena. Kisiwani, kilomita tatu mbele, kulikuwa na kibanda chenye jiko la kuni. Alifunga kofia, akashika mlango.

"Darlene, mwambie akae," Philomene alisema haraka.

"Darlene, mwambie mama kwamba wewe unajifungua leo," akajibu, na akatoka.

Alifuata miti midogo ya misonobari iliyochomekwa barafuni kuonyesha njia. Aliuona wa kwanza, akauona wa pili, wa tatu hakuuona. Akaenda hatua chache pembeni kuutafuta, na theluji ikamvunjikia. Chini yake hakukuwa na barafu kavu bali maji, yale yanayojificha juu ya barafu na kufunikwa na theluji, na yalimfika magotini. Alijitoa kwa viwiko. Alipogeuka, gari halikuonekana. Kila upande ulikuwa mweupe na upepo ulikuwa umeshafukia nyayo zake, naye akaogopa kama hajawahi kuogopa maishani.

Kisha akasikia honi. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Philomene alikuwa amerukia kiti cha mbele na kuiegemea kwa mkono mzima, na Wilfred aliufuata mlio huo, akianguka na kuinuka, mpaka kiganja chake kikagusa bati.

Alipoingia, suruali yake ilikuwa imekakamaa na kamba za buti zimekuwa za barafu. Alikaa kiti cha nyuma akitetemeka, akakiambia kile kiti kitupu kwamba hajambo, kwamba miguu haimuumi hata kidogo. Philomene aliwahi kuona wanaume wakisema hivyo hivyo, na aliwaona baadaye wakitembelea magongo. Akapita katikati ya viti, akarudi nyuma na kukaa kando yake.

"Wilfred," alisema.

Akashtuka. Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama huyu.

"Lete miguu hapa."

"Mama, siwezi. Si vizuri."

"Najua si vizuri. Lete."

Alikata kamba za buti kwa kisu cha kuchunia, akamvua buti na soksi. Vidole vilikuwa vyeupe na vigumu. Akafungua koti, akapandisha sweta na fulana ya ndani, akaikandamiza miguu ile juu ya tumbo lake tupu na kuifunika kwa nguo zote alizokuwa nazo. Pumzi ilimkatika kwa baridi yake. Wilfred alifumba macho kwa aibu, na machozi yakamtoka. Alisema alihesabu kilomita tu, alikuwa mjinga, angemuua bibi wa mtoto wake kabla hajazaliwa.

"Nyamaza," alisema Philomene. "Chezesha vidole. Usilale."

Mshumaa ulizimika. Kila Wilfred alipoinamisha kichwa, bibi alimpiga kofi la goti na kumuuliza jina la baba yake, idadi ya mitego yake, chochote. Maumivu yalipoanza kurudi miguuni, Wilfred alilia kwa sauti, na bibi akasema afadhali.

Saa kumi na moja, upepo ulipolegea, Emile Caron, dereva wa greda la kusafishia barabara, aliona antena ikichomoza kwenye rundo la theluji. Alikwangua dirisha, akawaona walivyokaa. Emile anazijua desturi za watu hawa. Aligeuka akatazama ziwa mpaka bibi aliposhusha sweta yake.

La Ronge walifika gizani. Darlene alikuwa ameshajifungua, mtoto wa kike. Daktari mgeni aliikagua miguu ya Wilfred muda mrefu. Akasema vidole viwili vya kushoto havitapona, lakini vingine vyote vitabaki, na kwamba kwa baridi ile alitarajia kuikata miguu yote miwili. Akauliza nani aliyeipasha moto.

Philomene alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza ukutani kama inavyompasa. Wilfred alitazama miguu yake.

"Mama yangu," akasema.

Bibi hakugeuka. Aliinua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akajifuta macho.