Aliyeomba Kuondolewa Mara Nne

Ndugu zangu, mnaouza na mnaonunua, kaeni niwaeleze yaliyompata Mama Vitanda.

Jina hilo alilipata kwa kazi. Mumewe, seremala, alitengeneza vitanda vya watoto wachanga katika karakana iliyoungana na nyumba yao. Mama Vitanda mwenyewe aliketi kwenye meza ndogo kando ya dirisha, kompyuta mbele yake, vumbi la mbao likitua juu ya vitufe. Kila mwisho wa mwezi aliwaandikia barua pepe wateja mia mbili na kitu, walioacha anwani zao kwa hiari. Chini ya kila barua aliweka mstari: asiyetaka kuendelea abonyeze hapa. Waliobonyeza aliwafuta siku hiyohiyo. Biashara ilikwenda polepole, lakini ilikwenda.

Siku moja shemeji yake alikuja na orodha aliyoinunua: anwani elfu thelathini za wanawake wajawazito. Mama Vitanda akauliza kama wenyewe walikubali kuandikiwa. Shemeji alicheka, akamwambia kwa adabu hizo atauza vitanda viwiliviwili mpaka azeeke. Akamshauri aufute na ule mstari wa chini.

"Mteja umeshampata, unamwonyesha njia ya kutokea ya nini?"

Mama Vitanda alijua sheria inakataza. Alijua, jamani. Lakini tamaa ilishamkaa kooni. Aliichukua orodha, akaufuta mstari, na ili watu wafungue barua, akaipa kichwa: "Kuhusu miadi yako ya kliniki." Uongo mtupu.

Oda zilikuja kweli. Yakaja na malalamiko, naye akayaacha yarundikane. Mama mmoja aliandika mara nne akiomba aondolewe. Mara ya nne alieleza sababu. Siku hiyo Mama Vitanda alikuwa anafunga oda, hakuifungua barua hiyo.

Mwezi wa tatu tangu orodha ianze kutumika, mama huyo alifika karakanani. Seremala alidhani ni mteja, akamvutia kiti, akaanza kumwonyesha kitanda kilichotoka kupigwa msasa. Mgeni hakukaa.

"Mwanangu alizaliwa hana uhai," alimwambia Mama Vitanda. "Nilipoona neno kliniki, nikadhani wananiita kunieleza kilichomuua. Nikafungua, nikakuta kitanda."

Mama Vitanda alisema hakujua.

"Nilikuandikia, dada. Ulikuwa husomi."

Seremala alimtazama mkewe, akaweka msasa chini, akatoka nje.

Siku hiyo Mama Vitanda aliifuta orodha yote, lakini alikuwa amechelewa. Waliokerwa walikuwa wengi mno, na kampuni ya mtandao iliyokuwa ikimsafirishia barua pepe zake ikamfungia. Akafungua anwani mpya. Kila alichotuma kikaangukia kwenye folda ya barua taka, ambako watu hawaangalii. Hospitali moja ilitaka vitanda themanini, ikampa siku tano za kuthibitisha. Alijibu saa ileile. Hakuna aliyeliona jibu lake, na kazi akapewa mwingine. Alipopiga simu, karani alimweleza kwa upole kwamba barua yake ilikutwa kwenye taka, juma moja baadaye. Wateja wake wa zamani nao hawakumsikia tena. Shemeji akawa hapokei simu.

Leo karakana imefungwa. Seremala anapigilia makreti kwenye kiwanda cha mtu, na nyumbani hataki kusikia habari ya vitanda. Mama Vitanda alimwandikia yule mama barua ya kuomba radhi. Aliisoma mara mbili, kisha akaifuta. Mwenzake alishaomba asiandikiwe.

FUNZO

Omba ruhusa kabla ya kumwandikia mtu. Jitaje kwa jina lako la kweli, na kichwa cha barua kiseme kilichomo ndani. Mpe njia rahisi ya kujiondoa, na akijiondoa, mwache. Tunanung'unika kwamba sheria hizi zinatubana sisi wafanyabiashara. Ziliwekwa kwa ajili ya mtu tusiyemjua, anayefungua barua yetu akiwa na msiba tusioujua.