Jina Lililobaki Kwenye Ruta

Ruta ya Néhémie, kile kifaa cha kusambaza intaneti, ilikuwa na ugonjwa uliojulikana na kila mteja wa chumba chake cha intaneti pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Programu yake ya zamani haikujua kusahau. Kila simu iliyoingia kwenye mtandao iliandikwa jina, na mwenye simu akishaondoka jina lilibaki, mpaka orodha ikajaa na intaneti ikakatika kwa watu wote. Dawa ya muda ilikuwa moja: kuizima, kungoja kidogo, kuiwasha. Orodha ilianza upya, na wateja wakaacha kunung'unika kwa siku mbili tatu.

Mchana mmoja wa mwaka 2013 aliiwasha chumba kikiwa kitupu na kompyuta zote nne zimezimwa. Orodha ilipofunguka, jina moja lilikuwamo tayari. Mama Olga.

Mama Olga ni Mukandoli, mke wake, aliyekuwa amefariki miezi mitano kabla. Simu yake ilikuwa kaburini. Néhémie mwenyewe aliichomeka ndani ya kitenge cha marehemu, kwa siri, watu wa kanisa wasione, kwa sababu moyo ulikataa kumwacha aende bila kitu cha kuitia. Lilikuwa kosa la mtu aliyechanganyikiwa na msiba, nami siwezi kumlaumu.

Alimpigia Emery, Mkongo mwenzake, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kakoba, kule mjini Mbarara.

"Ni kasoro ya programu tu, kaka," Emery alisema. "Majina ingine inaganda mule ndani. Uniletee, nitaweka programu mupya, itafuta yote."

"Nitakuja," Néhémie akajibu, na hakwenda. Mwezi ukapita. Ukweli ni kwamba alilipenda lile jina. Kila asubuhi aliwasha ruta kabla hata ya chai ili alione, akisema kimoyomoyo, haya, umeamka.

Kisha jina likaanza kufanya kazi. Pembeni mwa kila simu ruta ilionyesha kiasi cha data kinachopita, na kwa Mama Olga ilikuwa sifuri siku zote. Sasa kila alasiri saa tisa, saa ile aliyokata roho, namba zilianza kupanda. Chumba kilinuka udongo mbichi ingawa kilikuwa kiangazi. Na namba za simu nyingine zilipanda pamoja nazo, hatua kwa hatua. Ilikuwa simu ya Olga.

Olga, binti yao wa miaka kumi na nne, alikuwa ameacha kula, na baba yake alidhani ni majonzi tu. Alasiri moja namba zilipoanza kupanda, Néhémie alizunguka nyuma ya chumba, polepole, mkono ukipapasa ukuta, harufu ya udongo ikizidi kwa kila hatua, akamkuta binti ameegemea tofali, simu sikioni, simu ambayo haikuwa na laini tangu Pasaka, macho yamefumba, midomo imekauka, akiitikia kwa sauti ndogo ndiyo mama, ndiyo mama, na kutoka ndani ya simu, chini chini, ikasikika pumzi ya mtu anayevuta hewa kwa shida, pumzi ile ile aliyoisikiliza siku mbili kliniki mpaka ilipokoma.

"Unaongea na nani?" alinong'ona.

"Na mama. Anasikia baridi."

Alimbeba binti ndani, akamwita jirani yake Nyirabizimana, kiongozi wa maombi.

"Ule si Mukandoli," mama huyo alisema, akiangalia mlango. "Pepo anaiga sauti ya mutu, kisha anabeba mutoto. Tutaomba, lakini ni weye unamushikilia. Umuachilie."

Siku ya pili Olga hakuweza kusimama. Néhémie akamwacha na Nyirabizimana, akapanda gari la Mbarara, ruta mapajani.

Emery aliichomeka kwenye umeme. Hapakuwa na simu hata moja iliyounganishwa, lakini jina lilikuwapo, na namba zilikuwa zinapanda mbio. Duka likanuka udongo. Emery akachungulia chini ya meza kutafuta harufu inakotoka.

"Kaka, ni nani huyu?"

"Futa."

"Programu mupya haitabakisha kitu. Kuna jina unataka nikuwekee?"

Néhémie aliliangalia. Miaka kumi na sita ya ndoa, na sasa herufi nane tu.

"Hapana," alisema.

Ilichukua dakika nne. Orodha ikawa tupu. Alitoka nje akalia mbele ya vijana wa bodaboda, bila aibu, na hakuna aliyemcheka.

Jua halijazama alifika nyumbani. Olga alikuwa ameketi kwenye mkeka, anakula bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, macho yamechangamka. Néhémie akamshukuru Mungu kwa sauti, akakaa karibu naye.

"Papa, mama hataita tena?"

"Hapana, mwanangu. Imeisha."

Olga akatafuna kidogo.

"Alikuwa anauliza weye tu," alisema. "Kila siku. Alitaka akuage, kisha aende. Niliogopa kukuambia, juu ya vile ulikuwa unalia."

Néhémie akamwambia ale, sombe isipoe. Mpaka leo hajui kama siku ile alimfukuza pepo au mke wake.