Hoja ya Dotto

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Mwamvua na Dotto walichota maji bombani na kumwagilia miche ya shule. Kisha walikaa pamoja kwenye dawati la mbele, darasa la sita. Wakati wa mapumziko, Mwamvua alitoa mihogo ya kuchemsha na Dotto alitoa maziwa ya mgando, wakala pamoja. Familia ya Mwamvua ilikuwa ya wakulima wa tangu zamani katika kijiji hicho, jirani na kata ya Ulaya, wilayani Kilosa. Familia ya Dotto ilihamia hapo na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, kabla Dotto hajazaliwa.

Mwaka huo ng'ombe waliingia mashambani mara kwa mara. Mahindi ya baba yake Mwamvua yaliliwa yakiwa ndiyo kwanza yanabeba. Nyumbani kwao wakaanza kula mlo mmoja kwa siku. Wakulima na wafugaji wakaacha kusalimiana njiani.

Mwalimu Celestina aliona ni vyema wanafunzi wazungumze jambo hilo waziwazi. Akaandaa mdahalo: wafugaji wabaki kijijini au wahame? Mwamvua alipangwa upande wa kuhama, Dotto upande wa kubaki.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda na hadhira," Mwamvua alianza. Alieleza jinsi baba yake alivyosimama katikati ya mabua yaliyovunjika. Darasa lilimsikiliza kimya. Ukimya ule ukamtia hofu. Akadhani hawajapendezwa. Ndipo akatamka neno alilolisikia kwa wanaume kwenye mashine ya kusaga.

"Hawa si wafugaji. Hawa ni wavamizi!"

Madawati yakapigwa kwa ngumi. Mwamvua hakuwahi kushangiliwa hivyo maishani mwake. Akapaza sauti zaidi. "Mvamizi hajadiliwi! Mvamizi anafukuzwa!"

Dotto alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nina hoja moja, kuhusu njia ya..."

"Muuu!" Brayan, aliyekaa dawati la nyuma, alilia kama ng'ombe.

Darasa zima likalia kama zizi. Mwalimu Celestina aligonga meza mara moja, akaacha. Dotto alingoja kelele ziishe, akafungua mdomo tena, wakalia tena. Mtunza muda akagonga kengele. Dotto akakaa bila kumaliza sentensi yake. Alimtazama Mwamvua, na Mwamvua alikuwa anacheka.

Maneno yale hayakubaki darasani. Watoto wasiojua hata kusoma wakawa wanayaimba barabarani. Bombani, mama yake Dotto aliambiwa asubiri wenyeji wamalize. Siku moja Dotto alikwenda kuchota maji peke yake. Watoto wa darasa la tatu wakamzunguka wakiimba, "Mvamizi hajadiliwi! Mvamizi anafukuzwa!" Mmoja akarusha jiwe huku akicheka. Wengine nao wakarusha. Jiwe moja likampiga Dotto kwenye jicho la kushoto.

Alipelekwa Kilosa mjini kwa bodaboda, damu ikichuruzika kwenye kanga ya mama yake. Aliporudi, kila mtu alikuwa ameshajua kwamba jicho lile halitaona tena. Vijana wa kifugaji wakashika fimbo zao, na vijana wa kikulima wakaonekana wakinoa mapanga. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano wa dharura.

Mwamvua alimfuata mwalimu akilia. "Mwalimu, mimi sikurusha jiwe."

"Najua. Hata mimi sikurusha," alisema Mwalimu Celestina. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini niliacha mumzomee. Twende kwao."

Baba yake Dotto, Mzee Masunga, alikuwa ameketi mlangoni.

"Shikamoo, baba," alisema Mwamvua.

"Marahaba," alijibu, bila kumtazama.

Dotto alikuwa ndani, amefungwa bandeji. Mwamvua alipiga magoti kando yake. "Nisamehe, Dotto. Siku ile ulitaka kusema nini?"

"Leo ndiyo unauliza?"

Mwamvua hakuinuka pale alipopiga magoti.

"Njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni," Dotto alisema. "Ilikuwepo, mashamba yakaifunga. Sasa wapite wapi, hewani? Nilitaka kusema njia ifunguliwe, na ng'ombe atakayetoka nje ya njia, mwenye ng'ombe alipe."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Nisingemaliza hata dakika moja."

Siku ya mkutano, Mzee Masunga aliposimama, sauti zikapaa: "Wavamizi! Kaa chini!" Mwamvua alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ndiye niliyewafundisha watoto kuimba hivyo. Dotto ana hoja. Naomba aimalize."

"Tangu lini watoto wanaongea mkutanoni?" mtu mmoja alifoka.

Baba yake Mwamvua akasimama. "Mahindi yaliyoliwa ni yangu. Nataka kumsikia."

Dotto alisema maneno yake, akakaa. Watu walibishana mpaka jua likawa kali. Walikasirika, walikatizana, lakini sasa walibishania upana wa njia. Mwishowe walikubaliana ifunguliwe, na mapanga yakarudi majumbani.

Dotto aliporejea shuleni, Mwalimu Celestina alisimama mbele ya darasa.

"Kusema ni haki yenu," alisema. "Mwamvua alikuwa na haki ya kueleza njaa ya kwao, na ilikuwa ya kweli. Lakini ukimpa mwenzako jina linalomfanya asionekane mtu, umewaambia wengine wasimsikilize. Na usiposikiliza, hujui umekosa nini. Hoja iliyotupatanisha ilikuwa humu darasani siku ile. Tuliizomea, na mimi niliwaacha mzomee. Safari hii tumeisikia, lakini jicho la Dotto halirudi."

Hakuna aliyepiga dawati.

Mwamvua alikwenda kukaa mahali pake pa siku zote, kushoto kwa Dotto. Dotto akageuza shingo yote kumtafuta.

"Hamia upande huu," alisema taratibu. "Ukikaa huko sikuoni."