Obedi, Unamvuta Nani?

Mtu asinibishie, maana mimi sikusimuliwa. Nilikuwepo, na sufuria yangu ya uji.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, dhahabu inauzwa hadharani, na nusu ya mtaa wetu wa Igogo tumehamia machimboni upande wa Geita. Baba alichimba, mimi nikauza uji, na kaka yangu Obedi akaponda mawe pamoja na rafiki yake wa rika moja, Mayala, mtoto wa mama Teodora. Wale wawili walikuwa chanda na pete. Ukimchapa mmoja, analia mwingine. Walikuwa hawajaota hata unywele mmoja wa ndevu, lakini ugonjwa wao ulikuwa mmoja: kutaka kuitwa wanaume.

Kule machimboni hakukuwa na jando. Ulihesabiwa mwanaume siku uliposhuka duarani, chini kabisa ya shimo, ukarudi na jiwe lako mkononi. Baba aliwaambia wasubiri. Wasubiri wapi! Mchana mmoja wakubwa wamelala baada ya ugali, wakaenda kwenye duara la zamani la mzee Chenge. Lilikuwa limeachwa, na hakuna aliyetaka kusema kwa nini. Mayala akajifunga kamba kiunoni, Obedi akabaki juu kuishika.

"Usije ukaniachia," Mayala akamwambia.

"Nikuachie niende wapi, we mjinga?"

Akashuka huku wanacheka.

Mimi nilikuwa kibandani kwangu, jirani tu na hapo, nimenuna kwa sababu uji unaganda na wateja wanakoroma. Mara nikamwona Mayala anakuja kutoka vichakani. Akanipita. Mtoto ambaye hajawahi kunipita bila kudowea uji!

"Wewe, mbona husalimii? Mdomo umeuacha wapi?"

Akaendelea kutembea. Alikuwa msafi, hana hata vumbi, na machimboni kule hata mbuzi wana vumbi. Nikamfuata nimpe vidonge vyake.

Obedi alikuwa amekaza miguu, anavuta. Kamba ilikuwa nzito. Mayala akasimama nyuma yake, akamnong'oneza:

"Obedi, unamvuta nani?"

Kaka akageuka. Uso ukampauka. Kamba bado imekaza, bado inatikisika. Na kutoka shimoni ikaja sauti ya Mayala, ileile, inahema.

"Obedi. Vuta. Nimekaribia."

"Usimtoe," akasema huyu wa juu, polepole. "Mimi nimetokea tundu la upande wa pili. Huyo si mimi."

Ni kweli maduara hutoboana huko chini. Lakini utoke ardhini bila vumbi?

"Obedi, hana vumbi!" nikapiga kelele. "Mwangalie, hana vumbi!"

Sijui kama alinisikia. Vidole vikatokea ukingoni. Vimechubuka. Vimejaa udongo. Vikashika jiwe.

Obedi akaachia.

Kamba ikakimbia yote. Tukangoja kishindo. Hakikuja.

Wakubwa walipoamka walimkuta Mayala mzima, wakatuchapa wote, kisha wakalifunika lile duara kwa magogo na udongo. Mama Teodora alimkumbatia mwanawe, akamnusa shingoni, halafu akamwachia taratibu. Tangu siku hiyo alimlisha tu, na mlango wa chumba chake akawa anaufunga kwa ndani.

Miaka ikaenda. Obedi sauti ikawa nzito, ndevu zikaota, akashuka maduara mengi, akaitwa mwanaume. Mayala hakukua. Kaptula yake ya mwaka ule ilimtosha mwaka uliofuata, na uliofuata. Watu wakasema ni sumu ya zebaki ya kusafishia dhahabu, wengine wakasema karogwa. Kaka yangu, usiku nilimsikia akilia kama mtoto. Asubuhi moja akaniambia, "Selina, mimi nilimwachia Mayala. Huyu simjui." Akachukua sururu.

Tulikwenda wawili, kweupe kabisa. Yule mtoto alitufuata kwa mbali, akaishia vichakani, akasimama. Obedi akafukua udongo, akaondoa magogo. Nilimshikia kamba mimi, roho mkononi, akashuka na tochi mpaka chini. Alipopanda alikuwa ameng'ata midomo. Hakukuwa na mtu huko, wala mfupa, wala lile tundu la upande wa pili.

Kulikuwa na alama za viganja tu. Zilianzia chini kabisa, kwenye udongo wa ukutani, ndogo, za mtoto. Kadiri zilivyopanda zilikuwa kubwa zaidi. Zilipanda na kupanda, mpaka kwenye gogo la mwisho tulilolitoa, upande wake wa ndani. Pale palikuwa na kiganja kipana cha mwanaume, na tope lake lilikuwa bado bichi.

Obedi akapiga magoti. Akaweka kiganja chake juu ya kile.

Vikalingana.