Mkanda wa Mshono Mmoja

Siku ya tatu ya likizo yake ya kwanza katika miaka sita, mshonaji alishuka kwenye basi katika stendi iliyofurika watu, akagongwa kiunoni na kasia.

"Samahani, dada. Kasia hili halina macho."

"Na anayelibeba je?"

"Anayo mawili, na yote yameishia kwenye hilo gauni la njano."

Mwenye kasia alikuwa na kaptura iliyopauka na mabega yaliyoungua jua. Watu wa mtoni walimwita Nahodha, maana ndiye aliyekaa nyuma ya boti ya mpira akiwapitisha watalii kwenye maporomoko. Aliomba namba, akapewa. Kwa siku mbili simu haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Nawe punguza kupiga, masikio yangu si ya kukodi."

"Basi kesho njoo mtoni. Hujawahi kupanda boti?"

"Niipandie wapi? Mimi napanda ngazi za kiwanda tu."

Kesho yake alifika. Wageni sita walishavaa helmeti, mto unanguruma nyuma ya mawe. Nahodha akamkabidhi jaketi la kuokolea. Badala ya kulivaa, mshonaji aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mkanda wa bega. Akachukua la mgeni wa jirani, akaligeuza. Na la tatu.

"Watu wasiingie majini," alisema. "Haya tumeyashona sisi kiwandani. Mkanda hushonwa mara mbili. Hapa umeshonwa mara moja."

Aliikumbuka wiki ile. Mzigo ulichelewa, msimamizi akapita kati ya vyerehani akisema mshono mmoja unatosha. Wanawake wanne waliobisha walionyeshwa lango kabla ya chai. Mwenye kiwanda hajawahi kushika sindano, na boti hapandi. Mshonaji alikuwa na mama mgonjwa. Akainamisha kichwa, akashona. Majina ya wale wanne anayo mpaka leo.

Nahodha akamnong'oneza, "Mpenzi, kama unaogopa maji sema tu. Usinitie aibu mbele ya wageni."

"Siogopi maji. Naijua kazi ya mkono wangu."

Nahodha akaushika mkanda, akauvuta mara mbili. Haukuachia. Wageni wakacheka.

"Umeona? Mzima kabisa."

"Mkono wako si mto," alisema, akapanda njia ya kurudi.

Boti iliondoka na wageni, ikarudi salama, lakini lile neno lilimkaa Nahodha kooni. Jioni alilitundika jaketi mtini, akafunga gunia la mchanga mbichi kwenye mkanda, akaliachia. Kisha akapiga simu.

"Limechanika."

Mshonaji aliibana simu begani, akavuta mkoba wake.

"Mpenzi, limechanika kama karatasi. Nimemwambia bosi wa boti sipeleki mtu. Anasema kesho analeta nahodha mwingine."

"Akija, mwonyeshe. Mengine yako mangapi?"

"Kumi na tatu."

"Nakuja na uzi."

Nahodha mwingine alikuja, akalitazama lile lililochanika, akaketi na kuomba sindano. Bosi, aliyebaki na boti bila mtu wa kuiongoza, akagundua ghafla kwamba usalama ni jambo jema. Walishona siku mbili, vidole vikavimba.

Siku ya tatu mshonaji aliingia mtoni. Boti iliinama, ikapanda wimbi, maji yakamchapa usoni, akapiga kelele ambazo hakujua anazo. Walipofika penye maji tulivu alikuwa anakohoa na kucheka pamoja.

"Nataka kukuoa," alisema Nahodha.

"Niliposema, hukuniamini mpaka gunia liliponisemea. Mume wa kungoja gunia nimpeleke wapi?"

"Niliona aibu ya wageni, sikukuona wewe. Nilikosea." Akashika mkanda wa jaketi lake begani. "Leo sijavuta hata mmoja. Umeshona wewe, nimevaa tu."

Kweli. Asubuhi Nahodha alikuwa amelivaa jaketi mbele yake, bila hata kulitazama bega.

"Jumatatu naingia kiwandani kuyasema haya mbele ya wote," alisema mshonaji. "Yako mamia mengine, kwenye mito mingine. Watanifukuza."

"Nitakuwa nje nakungoja tangu alfajiri."

Mshonaji akakamua upindo wa gauni polepole.

"Usije peke yako. Njoo na mjomba wako. Shangazi yangu hapokei posa ya mtu asiye na ndugu."